Valletta: Kaburi la Cotoner na Daktari wa Karema



Wapendwa wanaparokia, wengi wenu mmeniuliza mara kwa mara ni lini nitaandika habari za safari yangu ya Malta. Nimechelewa, wala sababu si wingi wa kazi tu. Nilikwenda kutafuta nyayo za Mtume Paulo, nikiamini kwamba ningerudi na habari tamu za kuwasimulia. Nyayo za Paulo nilizipata. Lakini kilichonifuata hadi nyumbani ni kitu kingine, na imenichukua muda kujua namna ya kukisema.

Nianze na mji wenyewe. Valletta, mji mkuu wa Malta, ni mdogo kuliko mnavyoweza kudhani: eneo lake halifiki kilometa moja ya mraba, na wakazi wake ni elfu chache tu, pungufu ya waamini wa baadhi ya parokia zetu. Umejengwa juu ya rasi ya mwamba iitwayo Sciberras, yenye bandari upande huu na bandari upande ule. Ukishuka basi unavuka daraja juu ya handaki refu lililochongwa mwambani, unaingia langoni, na mara moja unaona mbele yako mtaa mnyoofu unaokwenda hadi ncha ya rasi. Mitaa yote imepangwa hivyo, kama mistari ya daftari la hesabu. Ile inayokatiza huteremka kwa ngazi, na mwisho wa kila ngazi kuna kipande cha bahari. Nyumba ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na zina roshani za mbao zilizofunikwa pande zote, ambazo mtu wa Mombasa au Unguja hangeziona kuwa ngeni. Saa sita mchana hupigwa mzinga kutoka kwenye bustani iliyo juu ya bandari. Mimi sikuwa nimeonywa, nikajikuta nimeukumbatia ukuta.

Jambo jingine lililonishangaza ni lugha. Waarabu waliitawala Malta tangu mwaka 870 hadi walipokuja Wanormani mwaka 1091, na watu wa kisiwa hiki, ambao kwa karne nyingi wamekuwa Wakatoliki wa kutupwa, mpaka leo wanasema lugha yenye asili ya Kiarabu, iliyoandikwa kwa herufi za Kirumi na kuchanganywa na Kiitalia. Mungu wanamwita Alla. Kitabu ni ktieb, msalaba ni salib, na padre ni qassis, neno ambalo sisi tunalo kama kasisi. Wakihesabu, sita ni sitta, saba ni sebgħa, tisa ni disgħa. Na Kwaresima, ndugu zangu, wanaiita Randan, neno lilelile la Ramadhani. Nilipoadhimisha Misa pamoja na mapadre wa kanisa la Mtakatifu Paulo, mahali yanapotunzwa masalia ya mfupa wa mkono wake, nilifumba macho wakati wa sala za waamini, na kila baada ya maneno machache nilisikia neno la nyumbani.

Paulo mnamjua. Katika sura ya 27 na ya 28 ya Matendo ya Mitume tunasoma kwamba alikuwa mfungwa akipelekwa Roma, merikebu ikavunjika, na watu wote 276 wakafika pwani salama. Wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo akamponya baba yake Publio, aliyekuwa na homa na kuhara damu. Kumbukeni mambo mawili hapo: kwamba aliyeingiza Injili Malta aliingia akiwa mfungwa, na kwamba alianza na mgonjwa. Nitayarudia.

Mji wa Valletta ulijengwa na watawa. Si watawa wa namna tuliyoizoea. Shirika la Mtakatifu Yohane lilianzia Yerusalemu kama hospitali ya kuwahudumia mahujaji, na Papa Paskali II akalithibitisha mwaka 1113. Baadaye lilishika upanga pia. Liliposhindwa katika Nchi Takatifu lilihamia Rhodos, na Waturuki walipolifukuza huko, Kaisari Karoli V alilipa kisiwa cha Malta mwaka 1530 kwa kodi ya ndege mmoja kila mwaka, aina ya kozi wa kuwindia. Hao watawa-askari waliweka nadhiri tatu kama mtawa yeyote, wakasali masifu, wakavaa msalaba mweupe wa ncha nane, na wakapigana baharini. Mwaka 1565 jeshi kubwa la Sultani Suleiman liliwazingira kuanzia Mei hadi tarehe 8 Septemba, siku ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, ambayo hadi leo ni sikukuu ya taifa. Walinusurika kwa shida kubwa. Mkuu wa Shirika, Jean de Valette, Mfaransa aliyekuwa na umri wa karibu miaka 70, aliamua kujenga mji mpya wenye ngome juu ya rasi ile tupu. Papa Pio IV alimtuma mhandisi wake, Francesco Laparelli, na jiwe la msingi likawekwa tarehe 28 Machi 1566. De Valette alifariki mwaka 1568, mji ukiwa bado vumbi na kokoto. Ukabaki na jina lake.

Huyo de Valette aliwahi kuwa mtumwa. Karibu mwaka 1541 alitekwa baharini, akafungwa kwenye kasia la merikebu ya maadui kwa muda wa mwaka hivi, mpaka alipokombolewa. Mtu angetarajia kwamba aliyeonja kasia asingemfunga mwenzake penye kasia. Haikuwa hivyo.

Sasa niwapeleke kanisani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane, kazi ya fundi Mmalta Girolamo Cassar, lilijengwa kati ya mwaka 1572 na 1577. Kwa nje ni la kawaida, karibu kama ghala la jeshi. Ukiingia ndani unasimama. Dari lote limechorwa na Mattia Preti habari za Yohane Mbatizaji, kuta zimechongwa na kupakwa dhahabu, na sakafu yote ni makaburi ya watawa-askari, karibu 400, ya marumaru za rangi mbalimbali. Akina mama wanaovaa viatu vyenye visigino vyembamba hawaruhusiwi kuingia navyo, visije vikatoboa marumaru. Katika chumba cha sala cha pembeni kuna mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608, wenye upana wa zaidi ya mita tano: Yohane Mbatizaji anakatwa kichwa katika ua wa gereza, na wafungwa wawili wanachungulia kwa shida kupitia dirisha la nondo. Mchoraji ameandika jina lake katika damu inayotoka shingoni mwa mtakatifu. Mwaka huohuo Shirika lilimpokea, na kabla mwaka haujaisha likamfukuza, kikao kikifanyika mbele ya mchoro huohuo.

Nilikaa mbele ya mchoro huo muda mrefu, nikadhani nimeona kubwa la siku. Nikatoka, nikapita kwenye kikanisa cha pembeni cha watawa waliotoka Aragon, na hapo ndipo nilipolikuta kaburi la Nicolas Cotoner.

Cotoner alikuwa Mkuu wa Shirika tangu mwaka 1663 hadi alipofariki mwaka 1680. Kaburi lake lilichongwa na Domenico Guidi wa Roma. Juu kuna sura ya marehemu katika utukufu wake, chini yake silaha na nyara za vita, na chini kabisa watu wawili wa marumaru wamejikunja, wakiubeba mzigo huo wote. Mmoja ana sura ya Mturuki. Mwingine ni kijana Mwafrika. Nilimtazama yule kijana. Nywele zake, pua yake, midomo yake: fundi hakumkejeli, alimchonga kwa uangalifu, kama mtu aliyekuwa na mfano hai mbele yake. Ningemkuta kijana huyo kwenye kituo cha daladala nisingeshangaa. Nami nilikuwa nimesimama pale na kola yangu ya upadre, mbele ya tabernakulo, nikimtazama ndugu yangu amebeba kaburi la mtawa kwa zaidi ya miaka 300.

Watumwa hao hawakuwa mfano tu wa mchongaji. Valletta ilikuwa na gereza kubwa la watumwa, ambamo walifungiwa usiku. Mchana walijenga ngome, walibeba mizigo bandarini, walitumika majumbani, na wengi walifungwa kwenye makasia ya merikebu za Shirika. Wengi walikuwa Waislamu waliotekwa baharini na katika pwani za Afrika ya Kaskazini na Uturuki, na miongoni mwao walikuwamo watu weusi waliokwisha kuuzwa mara moja au mbili kabla. Waliuzwa hadharani mjini. Ni kweli kwamba ng'ambo ya pili, Algiers na Tunis, Wakristo kwa maelfu walikuwa katika hali hiyohiyo, na mashirika ya Watrinitari na Wamersedari yaliundwa ili kuwakomboa. Ni kweli pia kwamba ndani ya gereza la Valletta watumwa waliruhusiwa mahali pa kuswali. Nayasema haya kwa sababu ni ya haki kuyasema. Lakini hayabadilishi neno moja: hao waliokuwa na watumwa walikuwa watawa wa Kanisa Katoliki, wenye nadhiri, na Mapapa walijua, kwa kuwa merikebu za Mapapa wenyewe zilikuwa na makasia ya namna hiyo. Watumwa wa Valletta hawakufunguliwa na sauti ya Kanisa. Walifunguliwa Juni 1798 na Napoleon, ambaye wakati uleule alikuwa akipora fedha za makanisa.

Hapa ni lazima nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita, katika Dominika ya Kimisioni, nilihubiri juu ya utumwa. Nilisimulia kama tunavyosimulia siku zote: misafara kutoka Ujiji na Tabora, minyororo, soko la Unguja, kisha wamisionari wa Bagamoyo wakiwakomboa watoto tangu mwaka 1868. Upande mmoja wafanyabiashara Waislamu, upande mwingine msalaba. Wengi mlinipongeza. Jirani yetu mmoja, Mwislamu, mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa amekuja kwa sababu siku hiyo mjukuu wa rafiki yake alikuwa akibatizwa. Baadaye alinisogelea kwa adabu, akaniambia, "Padre, uliyoyasema ni kweli. Ila siku moja usome pia nani walikuwa wakivuta makasia ya Malta." Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni niliudhika, na sikusoma.

Sasa nilikuwa nimefikishwa Malta yenyewe.

Kesho yake nilikwenda kuiona hospitali ya Shirika, maana hata hiyo ni kweli ya Valletta. Jengo lilianza kutumika mwaka 1574 karibu na ncha ya rasi, na siku hizi ni ukumbi wa mikutano. Wodi yake kubwa ina urefu wa mita 155, na ukisimama mlangoni, mtu aliye mwisho wake ni kama kidole. Humo wagonjwa walilishwa kwa vyombo vya fedha, kwa ajili ya usafi na kwa sababu Shirika liliwaita maskini mabwana zake. Watawa-askari waliotoka koo kubwa za Ulaya walipangiwa zamu za kuwahudumia. Kazi chafu zilifanywa na watumwa. Naona ugumu kuitenganisha sentensi hii na ile iliyotangulia, kwa hiyo naziacha pamoja.

Katika hospitali hiyo, mwaka 1676, baada ya tauni iliyoua watu wapatao 11,000 katika kisiwa, ilianzishwa shule ya anatomia na upasuaji. Shule hiyo ndiyo mzizi wa kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Malta. Na aliyeianzisha ni nani? Nicolas Cotoner. Yule wa kaburi.

Ndipo nilipokumbuka jina ambalo nilifundishwa seminarini na kulisahau. Wale mliozaliwa Rukwa na Katavi mnalijua, maana hospitali ya jimbo pale Sumbawanga inaitwa kwa jina hilo: Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa mtoto mdogo aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko Wamisionari wa Afrika, ambao babu zetu waliwaita Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali mwaka 1882. (Kuwanunua watoto ili kuwakomboa kuna swali lake, kwa kuwa mwuzaji hajali mnunuzi ana nia gani; lakini mtoto aliyekombolewa hana sababu ya kungoja tumalize mjadala.) Lavigerie alikuwa na wazo lake. Vijana hawa, alisema, wasifanywe Wazungu weusi. Wafanywe madaktari na makatekista, warudi Afrika, waoe huko, waishi kama watu wa huko, na dawa iwafungulie milango ambayo Mzungu hawezi kuifungua. Mwaka 1881 alifungua Malta nyumba ya malezi kwa ajili yao, na Atiman alikuwa miongoni mwao. Wakasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Malta.

Jengo la zamani la chuo hicho bado liko Valletta. Nilitembea kutoka mlangoni pake hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane kwa dakika chache tu, tena si kwa haraka. Fikirini, ndugu zangu: mtoto aliyeuzwa akawa mwanafunzi katika shule iliyoanzishwa na mtu ambaye kaburi lake limebebwa na mtumwa mweusi, na kati ya dawati lake na kaburi hilo kuna mitaa michache.

Mwaka 1888, mwaka uleule ambao Papa Leo XIII aliandika waraka dhidi ya utumwa na Lavigerie akazunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri utumwa ukomeshwe, Atiman alifunga safari. Mwaka 1889 akafika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kituo ambacho Wabelgiji walikuwa wamewaachia wamisionari miaka minne kabla. Akaa hapo maisha yake yote yaliyobaki, zaidi ya miaka 65. Alimwoa Agnes Wansahira, na mwana wao Joseph akawa padre. Alitibu vidonda, homa, majeraha ya wanyama wa porini na ya vita. Dawa alizojifunza Malta alizichanganya na mitishamba aliyofundishwa na waganga wa nchi, jambo ambalo wasomi wengi wa wakati ule wangeliona aibu. Alifundisha katekisimu. Alifariki mwaka 1956, na amezikwa Karema.

Nimejaribu mara nyingi kuyaandika mahubiri juu ya habari hii, na kila mara nayachana. Hubiri rahisi lipo tayari: kwamba Mungu huandika nyoofu kwa mistari iliyopinda, kwamba bila utumwa tusingempata daktari. Sitaki kulihubiri. Mama yake Atiman pale kando ya Niger hakupewa chochote badala ya mwanawe, na siamini kwamba Mungu alihitaji jambazi la watoto ili Karema ipate dawa ya vidonda. Yule kijana wa marumaru naye hakwenda Karema. Hatuna hata jina lake. Mtu mmoja alibeba kaburi, mwingine akabeba sanduku la dawa, na wa pili hamfuti wa kwanza.

Lakini hubiri la upande wa pili nalo nimelichana, lile la kusema kwamba Kanisa ni gereza lile tu na mengine ni mapambo. Wodi ya mita 155 si mapambo. Wala si mapambo kwamba Papa Yohane Paulo II alisimama kisiwani Gorée, Senegal, mwezi Februari 1992, akaomba msamaha kwa ajili ya dhambi ya Wakristo waliofanya biashara ya watu. Nilikuwa kijana nilipopata habari hizo kwa mara ya kwanza, na niliona ni jambo la Wazungu na la Afrika ya Magharibi. Sikujua kwamba njia ya ukombozi wetu wenyewe, ya Karema, ilipita katika mji ambao ulipaswa kuombewa msamaha huohuo.

Wala bahari ile haijatulia. Papa Fransisko alipokwenda Malta mwezi Aprili 2022 alikutana na wahamiaji, wengi wao Waafrika waliovuka kutoka Libya, wengine wakiwa wamefungwa na kuuzwa njiani. Jioni moja pale bandarini nilikutana na wawili waliotoka Pembe ya Afrika, wanaofanya kazi ya kubeba mawe ya ujenzi. Tulisalimiana kwa Kiarabu chao kidogo na Kiingereza changu. Nilitaka kuwauliza walivukaje. Walitaka kujua kama nauli ya ndege kutoka kwetu ni ghali.

Niliporudi nchini nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka iliyopita. Nilikwenda nyumbani kwa yule mwalimu mstaafu. "Shikamoo, Mwalimu," nikamwambia, "nimekwenda Malta, nimeona uliyoniambia." Akanikaribisha kahawa na tende. Nikamsimulia yote: makasia, gereza, Cotoner, Atiman. Alisikiliza bila kunikatiza. Habari za Atiman zilikuwa mpya kwake, akaniomba nimwandikie jina kwenye karatasi. Kisha nikamwonyesha katika simu picha za kaburi, na hasa za yule kijana, ambaye nilikuwa nimempiga kwa karibu mara saba au nane, uso, mikono, mgongo.

Akavaa miwani, akazitazama moja moja. Halafu akarudi kwenye ile ya kwanza, akaweka kidole pembeni mwa kioo.

"Na huyu mwenzake?" akauliza. "Huyu Mwislamu. Yeye hukumpiga?"

Nikatafuta katika simu yote. Alikuwamo katika picha ile moja tu, nusu uso, amekatwa na ukingo.

Nawatakieni Dominika njema.